Kimbaombao wa Haubach

Niseme mapema tusipotezeane muda: mimi nilikuwa upande wa Lyle Eckert tangu mwanzo. Siku hizi kila mtu hapa Haubach anasema hivyo, na wengi wao wanasema uongo mchana kweupe. Kumpenda walimpenda, hilo sibishi. Lakini kumpenda kijana ni jambo moja, na kuamini kwamba ataweza ni jambo lingine, na katika hilo la pili tulikuwa wachache wa kuenea kiti cha nyuma cha gari.

Lyle ni mtoto wa Darrell, yule wa kiwanda cha makabati, na Rhonda wa maktaba ya shule. Urefu ulimjia mapema na kwa pupa. Darasa la nane alikuwa ameshampita baba yake, na alipomaliza sekondari alikuwa akiinama kwenye kila mlango wa mji huu isipokuwa wa kanisa na wa ukumbi wa mpira wa kikapu. Unene ndio uliokataa kuja. Mabega yake yalikuwa ya kutundikia koti, miguu ni mifupa na soksi, kimbaombao hasa. Watoto wenzake walimwita Antena. Sisi watu wazima tulijifanya hatujasikia, kisha na sisi tukamwita hivyo akiwa hayupo.

Mimi ni Norb Schnell, jirani wa bibi yake na refa mstaafu. Nimepuliza filimbi katika kumbi za shule za Indiana kusini nzima, na nimetukanwa na akina mama wa kila dhehebu. Kazi hiyo inakufundisha kutoangalia mpira. Mpira waachie waliolipa kiingilio. Refa anaangalia viuno na miguu, maana faulo huanzia huko, na mimi nilipomwangalia Lyle niliona kwamba wale vijana wanene waliokuja kumgonga walikuwa hawamkuti. Ameshahama. Hakuwa na mbio za ajabu. Alikuwa tu na mazoea ya kufika mahali kabla ya wengine kujua kwamba hapo ndipo patakapokuwa na kazi, halafu mkono wake mrefu unapanda na mpira wa mwenzake unarudi ulikotoka.

Kisha anamwomba mwenzake radhi. Siku moja nilisimamisha mchezo nikamwambia kwamba akimwomba tena mtu radhi kwa kumzuia kihalali, nitampa faulo ya utovu wa nidhamu. Akaniomba radhi mimi.

Ndivyo alivyokuwa, mtoto asiyejua kusema hapana. Wajane wote wa mtaa wetu walimtumia kubadilisha balbu, maana hakuhitaji ngazi, na kila balbu aliyobadilisha alilipwa kipande cha keki ambacho alikula mpaka chembe ya mwisho hata kama ametoka kula kwingine. Nilikuwa nikimwona akipita barabarani ameshika tumbo, nikajua balbu zimeungua nyingi wiki hiyo.

Alikwenda chuo kikuu, akacheza misimu mitatu, na katika msimu wa tatu hakuna aliyezuia mipira kumshinda katika kundi lao lote. Hapo akaandikisha jina lake kwenye uteuzi. Kila Juni timu za ligi kuu huchagua vijana, zamu kwa zamu, majina yasiyozidi sitini kutoka dunia nzima, na asiyesikia jina lake anarudi kwao kimya kimya. Watu wa televisheni walikuwa na wimbo mmoja tu juu yake: kipaji kipo, mwili hakuna. Mmoja alisema Lyle asikae karibu na mlango ulio wazi, upepo utamtoa nje. Siku ya mwisho ya kujitoa na kurudi chuoni ikapita, naye hakujitoa. Asipochaguliwa, basi, kilichobaki kilikuwa kutangatanga kwenye vilabu vya mbali au kuingia kiwandani na baba yake. Timu mbili tu zilimwita kwenye majaribio, moja mwezi Mei, na nyingine wiki tatu baadaye.

Sisi wazee tunakunywa kahawa kila asubuhi kwenye meza ya kituo cha mafuta, na pale hakukuwa na habari nyingine. Virgil Fleck, mwenye duka la chakula cha mifugo, alikuwa mkubwa wa wapinzani.

"Norb, yule mtoto akikohoa anajikuta kaunti nyingine," aliniambia.

"Na wewe ukikohoa jengo linahama," nikamjibu. "Kati yenu nani anaitwa na ligi kuu?"

"Anaitwa kuangaliwa. Hata ng'ombe wa maonyesho anaitwa kuangaliwa."

Niliiacha kahawa yangu nikaondoka. Kilichoniudhi si utani, utani tumeuzoea. Kiliniudhi kwa sababu meza nzima ilicheka, na mle mezani walikuwemo watu waliombeba Lyle mabegani alipotuletea kombe la wilaya.

Sasa nije kwa Verena. Huyu ni mama yake Darrell, bibi wa Lyle, mjane, mtu mfupi aliyetulia ambaye mji huu unamwogopa kuliko polisi. Verena aliposikia ile habari ya mwili hakuna, hakubishana na televisheni. Alikwenda simuni. Hapa tuna mnyororo wa maombi: mtu akiugua, mama wa kwanza anampigia wa pili, wa pili wa tatu, na kabla chai haijapoa mji mzima unamwombea. Verena aliuamsha mnyororo ule, akautwisha kazi ya jikoni. Lyle angekaa nyumbani wiki zote zile za maandalizi, na kila mtaa ungekuwa na siku yake ya kumlisha.

Asiyezaliwa hapa anaweza kudhani ni jambo dogo. Sisi chakula ndicho kinachotusemea. Ukifiwa, ukizaa, ukivunjika mguu, utakuta bakuli la kuokea barazani kwako, limefunikwa, chini yake pamebandikwa jina la mwenyewe. Unakula, unaosha, unarudisha. Kurudisha bakuli lenye chakula ndani ni kutangaza vita, na kuna familia mbili za Mtaa wa Pili ambazo hazisalimiani mpaka leo kwa ajili ya saladi ya viazi.

Basi mabakuli yakaja. Kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda vilivyofunikwa tambi nzito za mayai, nyama ya nguruwe iliyochovywa unga, maharage na nyama ya mafuta, pudini za kila namna. Bi Ottilia, mke wa Virgil, alipika supu ya kasa ambayo kwa kawaida hatuioni mpaka sherehe ya kanisa ya kiangazi. Lyle alikula. Alikula asubuhi, mchana na jioni, akarudisha mabakuli yanang'aa, akashukuru kwa majina. Kila Jumamosi walimpeleka dukani kwa Virgil wakamsimamisha kwenye mizani ya magunia, na namba ikipanda watu wanapiga makofi. Virgil mwenyewe alianza kulainika. Alisema kijana sasa anaanza kufanana na kitu.

Mimi nilimwona akipanda ngazi za baraza la bibi yake. Zamani alizipanda bila kuzitazama. Sasa alizitazama. Nilimwambia Verena, nikiwa upande wangu wa ua, kwamba mtoto anakuwa mzito. Akanijibu kwamba ndiyo maana yake, na kwamba ningekuwa na mke ningekuwa na la kufanya zaidi ya kuchungulia. Mwanamke huyo simwezi.

Siku ya majaribio ya kwanza Darrell aliomba ruhusa kiwandani, tukaenda watatu kwa pikapu yake, Lyle katikati na magoti karibu na kidevu. Ndugu hawaruhusiwi ndani, kwa hiyo mimi na Darrell tulikaa kwenye maegesho ya magari tukizungumza habari za mbao. Lyle alipotoka hatukumuuliza, tulijua kutokana na mwendo. Aliingia garini, akakunja magoti.

"Kidole kimoja, mzee Norb," alisema tulipovuka mji wa pili. "Kila mpira nilikuwa nyuma kwa kidole kimoja. Nauona unakuja, najua unapokwenda, naruka, sifiki."

Nikamuuliza kama walimsukuma.

"Walinisukuma vilevile. Hicho ndicho kinachoniuma. Nimebebeshwa mzigo wote ule, na bado nimesukumwa vilevile."

Nilikuwa sijapata kumsikia na hasira. Darrell, ambaye maneno kwake ni ya Jumapili, alimtazama mwanawe kwa jicho la pembeni na kusema tu kwamba yamebaki majaribio mengine. Kocha wa ile timu alikuwa amemshukuru kwa adabu na kumtakia heri, na kila mtu katika mchezo huu anajua maana ya kutakiwa heri. Tulisimama njiani kula. Darrell akaagiza mikate mitatu ya nyama ya kukaanga kwa mazoea, na Lyle hakuugusa wake. Aliusogeza katikati ya meza na kutazama barabara.

Kesho yake nilikuwa napunguza ua wangu kwa mkasi, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote, nilipomwona Lyle anakuja kwa bibi yake. Verena alikuwa ameshamwekea bakuli kwenye meza ya barazani, limefunikwa, na uma pembeni. Lyle alipanda ngazi, hakukaa.

"Bibi, sitakula," alisema.

"Umekula kwa mama yako?"

"Sijala. Ila hiki sitakula. Leo wala kesho. Kuanzia sasa nitakula chakula changu, kiasi changu."

Mkasi wangu ulisimama wenyewe. Katika maisha yangu yote hapa sikuwahi kumsikia mtu akimwambia Verena Eckert maneno hayo. Nadhani naye hakuwahi, maana alifunua bakuli kana kwamba shida ni kwamba mtoto hajaona kilichomo.

"Nani amekutuma uniambie hivyo? Wale wa timu?"

"Hakuna aliyenituma. Nimejisikia mwenyewe. Siruki, bibi. Nanyanyuka tu."

"Mwili unataka muda kuzoea."

"Muda sina. Zimebaki wiki tatu, baada ya hapo sina pengine pa kwenda."

Verena alikaa. Alikunja mikono juu ya aproni yake, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kuamrisha mji.

"Babu yako alianza hivi hivi," alisema. "Siku moja alisukuma sahani akaniambia, Verena, leo hapana. Nikamwacha. Nikasema mtu mzima anajua tumbo lake. Kufika Krismasi nilikuwa nambeba mwenyewe kumpeleka bafuni. Nambeba mimi, Lyle. Kwa mikono hii."

Hilo mtaa mzima tulilijua, lakini yeye mwenyewe sikupata kumsikia akilisema. Nilitamani kuondoka pale uani, na aibu ilinishika, lakini nikiondoka wangenisikia. Lyle alichuchumaa mbele ya bibi yake, na hata alivyochuchumaa macho yao yalikuwa sawa.

"Babu alikuwa mgonjwa," alisema.

"Hatukujua kama ni mgonjwa. Tulimwona amekonda tu."

"Mimi sikukonda, bibi. Mimi ndivyo nilivyo. Baba ndivyo alivyo, na ananyanyua makabati tangu sijazaliwa. Mbona yeye humlishi hivi?"

"Baba yako hasukumwi na watu wenye uzito wa matrekta mbele ya televisheni."

"Kusukumwa nitasukumwa tu. Nikiwa na kilo hizi nitasukumwa, nisipokuwa nazo nitasukumwa. Ila nisipokuwa nazo nafika kwanza."

"Na ukivunjika?"

"Nikivunjika nitakuja uniuguze. Sasa hivi sijavunjika."

Verena alimshika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole, na vidole vyake vikakutana bila shida. Kisha alisimama, akalifunika bakuli, akaingia nalo ndani na mlango wa wavu ukajifunga nyuma yake. Lyle alibaki amechuchumaa mbele ya kiti kitupu. Mimi nilianza tena kukata ua, na nikakata sehemu ambayo mpaka leo ina pengo.

Baada ya muda kidogo nilimsikia Verena yuko simuni. Hakueleza chochote. Alisema, "Lyle amesema basi. Mfikishie mwenzako," akakata.

Mji ulinuna. Mtaa wa Nne siku yao ilikuwa kesho na walikuwa wameshachinja. Bi Ottilia Fleck alisema mnyororo ni wa maombi, si wa kuzuia watu wasipike, akaja na bakuli lake vilevile. Lyle akampokea mlangoni, akamshukuru, akamwambia hapana, na kumsindikiza mpaka garini na bakuli lake. Mtu aliyekwisha kumwambia bibi yake hapana, Bi Ottilia hakumsumbua. Asubuhi iliyofuata Virgil alikuja kwenye meza ya kahawa amevimba macho.

"Kile chakula nimekila mimi," alisema. "Na hakuna timu iliyonipigia simu."

Wiki zile tatu Lyle alizimaliza ukumbini. Mimi nilikuwa na ufunguo kwa sababu ya kazi yangu ya zamani, kwa hiyo nilikuwa namfungulia na kukaa. Alikula mayai, samaki, mboga, wali, kwa kiasi ambacho mtu yeyote anakula. Alinyanyua vyuma kidogo kidogo. Kazi kubwa ilikuwa kuruka, kutua, kuhama, kuruka tena. Kilo za mabakuli zilianza kumwacha, na siku moja nilisikia mabadiliko kabla sijayaona. Alikuwa akitua na sakafu haisemi kitu. Siku hiyo nililala vizuri.

Majaribio ya pili walimweka mbele ya mtu mzito kweli, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, wakawaachia wacheze. Haya nimesimuliwa na Lyle mwenyewe, na baadaye na kocha wetu wa sekondari aliyepigiwa simu na watu wa timu. Yule mzito alimsukuma Lyle mara ya kwanza akafunga. Akamsukuma mara ya pili akafunga. Baada ya hapo Lyle hakuwa tena pale bega lilipokuwa likienda. Wakaongeza muda. Walipomaliza, hakuna aliyemtakia heri. Walimuuliza habari za usingizi wake, za magoti yake, na za baba yake ana urefu gani na ana umri gani na kama amewahi kuumwa mgongo. Darrell aliposikia kwamba wamemuulizia mgongo wake alifurahi mwezi mzima.

Uteuzi tuliutazama katika ukumbi wa parokia. Siku ya kwanza majina yakasomwa, la Lyle halikuwepo, na tukaenda nyumbani kila mtu akiongea habari za mvua. Siku ya pili jioni yaliendelea kusomwa, yakazidi kupungua, na Rhonda akatoka nje asione. Alikuwa bado nje jina liliposomwa, karibu kabisa na mwisho. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba alidhani mtu ameanguka. Nilimtafuta Virgil kwa macho nikamkuta anafuta miwani, nikamwacha, kwa sababu mimi ni muungwana ninapotaka.

Kuchaguliwa si kuweza. Wengi wanachaguliwa, na mwaka wa pili huwasikii. Timu ilimpeleka kwanza kwenye ligi ndogo, huko ambako wachezaji wanasafiri kwa basi na kukaa hoteli za kando ya barabara, na televisheni ikaanza tena wimbo wake: tutaona ligi kuu ikimgusa. Vuli ikaisha. Mwezi Januari mchezaji wao wa kati akateguka kifundo cha mguu, wakamwita Lyle juu. Na ratiba ilionyesha kwamba wiki hiyohiyo watacheza Indianapolis, hapa jimboni kwetu.

Tulikwenda wanne: Darrell, Rhonda, Verena na mimi. Viti vilikuwa juu, katikati ya mashabiki wa wenyeji. Mchezaji wa kati wa wenyeji alikuwa anaitwa Tarver, mtu ambaye akisimama taa inapungua, na kazi yake maishani ni kumpa mtu mgongo, kurudi naye nyuma mpaka chini ya kikapu, na kufunga. Lyle aliingizwa robo ya pili. Alivua koti la mazoezi. Miongoni mwa wale watu alionekana kama mtu aliyekuja kutengeneza taa.

Mpira wa kwanza tu, Tarver akautaka. Akampa Lyle mgongo, akarudi hatua moja, ya pili, kisha bega likaingia kifuani. Lyle alikwenda chini chali, akateleza mpaka miguuni mwa wapiga picha. Tarver akafunga kwa nafasi. Refa hakupuliza filimbi, na sikumlaumu, hata mimi nisingepuliza. Ukumbi mzima ulisema "oooh" kwa furaha, na jamaa mmoja nyuma yetu, mwenye bia mkononi, akapaza sauti: "Mpeni huyo sandwichi kabla hajafa!"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshageuka na maneno yangu yako tayari, lakini Verena alikuwa ameshasimama. Kusimama kwake na kukaa kwa yule bwana kulikuwa kimo kimoja.

"Yule ni mjukuu wangu," alimwambia kwa utulivu. "Ameshakula. Wewe kunywa bia yako."

Jamaa akaomba radhi mara mbili. Verena akakaa, akanishika mkono na kuubana. Haikuwa hasira. Kule chini Lyle alikuwa bado hajasimama, na najua bibi yake alikuwa anaona nini. Mimi pia niliogopa, nisidanganye. Kisha Lyle alikunja magoti, akainuka kipande kipande kama kawaida yake, akajipangusa, akakimbia kurudi upande wa pili.

Tarver aliutaka mpira tena, kwa nini asiutake. Mgongo, hatua moja, ya pili. Mimi sikuangalia mpira. Niliangalia viuno. Nikaona kiuno cha Lyle kinalegea, mguu wa kushoto unarudi nusu hatua, na lile bega kubwa likaja kwa nguvu zake zote kwenye mahali ambapo hapakuwa na mtu. Tarver akayumba. Alijaribu kurusha hivyohivyo akiwa anaanguka, na mkono wa Lyle ulikuwa umeshafika juu kitambo, unasubiri. Mpira ukaguswa kidogo tu, ukamwangukia mwenzake, wakaondoka nao.

"Ilikuwa halali?" Verena aliniuliza.

"Halali tupu," nikasema, na nikagundua kwamba nimesimama, mimi ambaye maisha yangu yote nimewaambia watu wakae.

Tarver alirudi tena, na tena. Mara nyingine alifunga, ni mtu hodari. Mara nyingine alimwangusha Lyle na Lyle akainuka. Lakini ilipofika robo ya nne, lile jitu likipewa mpira chini ya kikapu lilikuwa linatazama kwanza begani, kushoto na kulia, kumtafuta kimbaombao yuko wapi. Halafu likaanza kurushia mbali. Niligeuka nimwambie Verena maana ya hilo, nikakuta analia na kutabasamu kwa pamoja, nikarudisha macho uwanjani. Darrell alikuwa ameweka mikono juu ya kichwa na kuisahau hapo. Timu ya Lyle ilishindwa kwa pointi chache, na nasema kweli, sikujali hata kidogo.

Baada ya mchezo tuliruhusiwa kushuka kwenye korido ya chini, wanakopita wachezaji wageni. Lyle alitoka na nywele mbichi, mkono una mikwaruzo mpaka kwenye kiwiko, akichechemea kidogo. Alimkumbatia mama yake, akainama sana kumfikia bibi yake, na Verena hakumuuliza amekula nini. Alimuuliza ni wapi panauma. Lyle akamwonyesha, akasema si kitu.

Mwandishi mmoja kijana alikuja na kinasa sauti, akamwuliza swali lile lile lililotuchosha mwaka mzima: je, kwa mwili huo, anadhani ataiweza ligi kuu? Nilimtazama Lyle nikisubiri. Hakukasirika. Alikuwa akitazama juu ya kichwa cha yule mwandishi, kule mwisho wa korido ambako dereva alikuwa ameshikilia mlango wazi na wachezaji wenzake wanapanda mmoja mmoja.

"Tutazungumza siku nyingine, kaka," alisema. "Basi linaondoka. Kesho tunacheza Milwaukee."

Akachukua mkoba wake akaenda. Tuliganda pale tukimwangalia mgongo. Basi lilikuwa limeshawashwa, wenzake wote wamekaa, na halikuondoka mpaka alipopanda.